Ukuta Mahali Punda Hawakuchimba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, karibu na Kalamba, nilisimama katikati ya mto mkavu nikiwa na karatasi mkononi na kiburi kifuani. Nilikuwa mhandisi wa miaka ishirini na sita. Karatasi ile ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi, yenye programu iliyofundishwa kwa rekodi za mito mingine. Ukiipa vipimo, ilikuchagulia mahali pa kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta unaozuia mchanga wa mafuriko ili maji yajifiche ndani yake hadi kiangazi.

Kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kazi za pamoja, walikuwa tayari wamekusanya mawe. Kiongozi wao, bibi tuliyemwita Mwaitu Mbithe, mama yetu sote, aliangalia vigingi nilivyokuwa nimepigilia mahali pa ukuta, akaguna.

"Kijana, hapa umeonyeshwa na nani?"

"Na kompyuta, Mwaitu."

"Imewahi kuteka maji, hiyo?" Wenzake wakaangua kicheko. Akanyoosha kidole kuelekea kona ya mto. "Kiangazi punda wetu huchimba maji pale. Hapa uliposimama sijaona punda akikwaruza hata siku moja."

"Punda hajasoma, Mwaitu."

"Ndiyo maana hadanganyi."

Nikacheka nao, kisha nikaagiza kazi ianze penye vigingi vyangu.

Sasa nikuambie jambo nililolificha miaka mingi. Programu iliuliza mwamba uko kina gani, na kama una nyufa. Kuyajua hayo lazima upige nondo mchangani hadi iguse mwamba, kila baada ya hatua chache, jua likikuchoma shingo. Mimi nilipiga mara mbili, nikachoka. Nafasi zilizobaki nilizijaza kwa kukisia. Kompyuta haikuniuliza namba hizo nimezitoa wapi. Ilinirudishia uvivu wangu ukiwa na desimali tatu, nami nikauheshimu kama hekima.

Kina mama walibeba mawe migongoni tangu Agosti hadi Oktoba. Mvua ikanyesha, mchanga ukajaa hadi ukingoni, tukaimba. Kiangazi wakachimba kina cha mkono mmoja, miwili, mitatu. Vumbi. Mwamba ulikuwa na ufa, maji yote yamezama. Mwaitu Mbithe hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alipakia mitungi mitupu juu ya punda, akasema, "Twende tulikozoea." Akaianza tena safari ileile ya mbali, ambayo alibeba mawe ili asiitembee tena.

Ndiyo sababu mchoro wako wa bwawa la kule Kanyangi nimeushika siku ya tatu leo bila kutia sahihi. Ni safi mno, na usafi huo ndio unaonitia shaka. Unaniambia akili ya kompyuta za siku hizi si kama ile ya kwetu. Huenda. Lakini nilipokuuliza nani alipima mwamba, uliinama ukatazama simu. Mimi nakiogopa kitu kisichojua kusema "sijui", na namwogopa zaidi mtu anayekiamini. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Na akili ya kuazima, je?

Basi shika haya. Itumie mashine, sikukatazi, maana hesabu inazijua kukushinda. Ila usiipe namba ambayo mkono wako haukuigusa. Inapokujibu haraka, wewe nenda polepole. Na kabla hujachora mstari, waulize wanaoteka maji, kisha uwaamini kuliko karatasi hadi nondo iseme vingine.

Nondo yangu ile hii hapa, bado ina kutu ya Kalamba. Mchoro nakurudishia bila sahihi. Urudi nao ukiwa umepiga nondo mto mzima. Sasa nyoosha viganja nikutemee mate ya baraka, kama wazee wetu walivyofanya. Mungu akupe mgongo usiochoka juani na sikio lisilomdharau bibi. Na kiangazi kikija, kina mama wa Kanyangi wachimbe mkono mmoja tu, wakute maji, wasahau hata jina lako kwa furaha.