Mahindi ya Juu ya Jiko

Juzi, bei ya unga ilipopanda tena, nilining'iniza mahindi ya mbegu juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu. Harufu ya masizi ikanirudisha kijijini Endasak, jikoni kwa mama. Alikuwa akituambia watoto kwamba mahindi ya mbegu aliyoyaning'iniza juu ya jiko lake yana sumu, na mimi niliamini.

Alasiri moja, mwaka ambao mvua ilitunyima mavuno, nilirudi na kuni nikasikia punje zinapasuka kikaangoni, mama akizigeuza. Kamba ya mbegu ilikuwa tupu. Mdogo wangu, aliyekuwa hoi kwa njaa, alikuwa anapeleka punje mdomoni. Nilimpiga mkononi, zikamwagika kwenye majivu.

"Mama, si yana sumu?" nikauliza.

Mama aliokota punje moja, akaipuliza, akaitafuna taratibu huku akinitazama. Nilisimama pale nikisubiri aanguke. Machozi yalipoanza kumtoka, nikajua sumu imeingia. Leo najua alikuwa anatafuna shamba la mwaka uliofuata.

Jana binti yangu aliyatazama mahindi yangu kwa muda mrefu.

"Mama, yale hayaliwi?"

"Yana sumu," nikamwambia.