Kiatu cha Kushoto cha Cheche

Jumamosi hiyo timu ya mpira wa kikapu ya akina dada wa chuo ilishinda kwa pointi kumi na tisa, na kabla jasho la wachezaji halijakauka, mashabiki walikuwa wameshajaa kwenye kibanda cha fundi viatu.

Ndiyo ilikuwa kawaida yao. Kibanda kilitazamana na geti la chuo, na mbele yake palikuwa na benchi la mbao ambalo wateja walikalia wakisubiri viatu. Siku za mechi wateja walihama wenyewe. Fundi aliitwa Mzee Soli, jina alilopewa na wanafunzi wa miaka ya nyuma kabisa. Lile alilopewa na wazazi wake lilitumika siku za kujaza fomu tu. Alikuwa amekaa pale miaka ishirini na miwili, na mechi za akina dada alizozikosa zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Pointi thelathini na moja!" Mama Magazeti alikuwa ameshapandisha sauti. Meza yake ya magazeti ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kibanda, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Mtu mmoja, pointi thelathini na moja! Jamani, Cheche yule kazaliwa au kachongwa?"

"Tulia kwanza," alisema Mwalimu. Huyu alikuwa amefundisha hesabu mpaka akastaafu, na siku hizi hesabu zake zote zilikuwa za timu, katika daftari la kurasa mia mbili. "Mitupo ya adhabu tumepata kumi na miwili. Tumeingiza mitano. Mitano! Darasani kwangu hiyo ni ya kwenda kumwita mzazi."

"Mwalimu, wewe hata ukiingizwa peponi utaanza kukagua vumbi madirishani."

"Nasema ukweli. Na robo ya tatu ulinzi wetu ulikuwa wazi kama mlango wa stendi. Tukicheza hivyo kwenye nusu fainali, tutarudi tumeinamisha vichwa."

Mama Magazeti alimpuuza, akageukia ndani ya kibanda. "Mzee Soli, mbona umenyamaza? Au wewe leo ulikuwa unashabikia wageni?"

Mzee Soli alikuwa anapaka gundi kwenye kisigino cha kiatu cha mtu. Hakuinua kichwa mara moja.

"Cheche amecheza upande mmoja," alisema. "Mechi nzima anakwenda kulia. Akibanwa kulia, anatoa pasi. Kushoto haendi."

Mama Magazeti alicheka mpaka akajishika kiuno. "Sasa kama kulia kunaingia, kushoto aende kumsalimia nani?"

Lakini Mwalimu alifungua daftari, akashusha kidole kwenye safu za alama zake, na midomo yake ikawa inahesabu kimyakimya. "Vikapu kumi na vitatu," alisema. "Kumi na kimoja kavifunga akitokea kulia. Mzee ana jicho."

"Basi ni mbinu ya kocha," Mama Magazeti alikata shauri, na mazungumzo yakahamia kwa mwamuzi, ambaye siku hiyo alitukanwa kidogo tu kwa kuwa walishinda.

Hawakuwa wamemaliza kumsema mwamuzi, Cheche alipotokea getini. Alikuwa amevaa kandambili, nywele bado zina maji, na mkononi kashika mfuko wenye viatu vyake vya kuchezea. Benchi zima lilisimama kumpigia makofi. Msichana alicheka kwa aibu, akapeana mikono na kila mtu, kisha akainamia dirisha la kibanda.

"Shikamoo, Mzee Soli."

"Marahaba, binti yangu. Hongera."

"Asante. Cha kulia kimeachia mbele. Naomba unishonee, Jumatano nitapita. Si unajua Jumamosi ni nusu fainali, na mama yangu anakuja." Akashusha sauti kama anayetoa siri. "Hajawahi kuniona nikicheza hata mara moja."

"Jumatano utakikuta tayari."

Mashabiki walipoondoka mmoja mmoja, Mzee Soli alivitoa viatu kwenye mfuko, akaviweka mezani soli juu. Akavitazama. Akavisogeza kwenye mwanga, akavitazama tena.

Viatu hivi alivijua. Mwanzoni mwa msimu vilipita mikononi mwake vikiwa vipya, alipoongeza mshono wa ziada, na mwezi mmoja baadaye aliviona tena, vimeanza kulika sawasawa kama vya mtu mwenye miguu yenye afya. Sasa cha kulia kilikuwa kimekwisha: mbele mistari ya soli imefutika na kitambaa kinachungulia. Cha kushoto, pale mbele anapojisukumia mchezaji akiruka, kilikuwa karibu kipya. Kilicholika kilikuwa ukingo wa nje wa kisigino tu, kama cha mtu anayeburuta mguu bila kutaka aonekane anaburuta.

Mzee Soli alikaa kwenye kigoda chake, kiatu mapajani.

Miaka kumi na mmoja nyuma, jezi ya timu hiyo hiyo ilivaliwa na binti yake wa pekee. Alikuwa anasomea upimaji ardhi, kazi ya kupanda vilima na kushuka mabonde, na mwenyewe alikuwa na miguu ya kuiweza. Katika mechi moja kubwa alitua vibaya, akatolewa nje, akakaa kwenye benchi amefunika goti kwa taulo lenye maji. Zilipobaki dakika sita, timu ilikuwa nyuma. Na baba mtu, aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi lile, alipaza sauti: "Simama, mwanangu! Simama utumalizie!" Mashabiki wakaidaka. Uwanja mzima ukawa unaimba, simama, simama. Binti aligeuka akamtazama baba yake mara moja. Kisha akasimama.

Walishinda kwa pointi mbili. Walimbeba mabegani, na baba yake alikuwa mmoja wa waliombeba. Mwezi uliofuata akapasuliwa goti, na tangu hapo hakucheza tena, wala vilima hakuvipanda. Alipata kazi katika mji mwingine, ofisini, kuchora ramani za ardhi ambayo wengine walikwenda kuipima. Kila Jumapili alasiri alimpigia baba yake simu, wakaongea juu ya afya ya mama, bei ya gundi, matokeo ya timu. Habari za siku ile hawakuzigusa hata siku moja.

Leo ilikuwa Jumamosi. Mzee Soli alifuta mikono kwenye aproni, akachukua simu.

"Baba?" Sauti ya binti ilikuja na wasiwasi. "Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama yako mzima, yuko kwenye kikao cha vikoba, kuweka akiba. Nataka nikuulize kitu cha viatu."

"Cha viatu? Mimi nikufundishe wewe viatu?"

Akamweleza. Cha kulia kilivyokwisha, cha kushoto kilivyobaki, kisigino, vikapu kumi na kimoja vya upande mmoja. Binti hakumkatiza. Alipomaliza, alisikia upande wa pili kiti kinavutwa, mtu anakaa.

"Goti," binti alisema. "Anaficha."

"Ndivyo nilivyoona." Mzee Soli alikilaza kiatu mapajani. "Mwanangu, siku ile mimi ndiye niliyeanza zile kelele."

Alitoa simu sikioni akaangalia kama imekatika.

"Nilidhani umesahau," alisema binti.

"Sijasahau hata siku moja. Nilikosa pa kuanzia."

"Ningesimama hata usingesema, baba. Nilikuwa na kichwa kigumu." Akavuta pumzi. "Ila nilipogeuka kukutazama, nilitamani uniambie kaa."

Mzee Soli alipenga kamasi kwa aproni. Akabaki amekipakata kile kiatu kama mtoto mchanga.

"Baba, usilie kwenye gundi, itakataa kushika," binti alisema, na wote wawili wakacheka kicheko chenye maji. "Sasa nisikilize. Huyo mtoto usimpigie kelele. Usimwambie unajua. Mwulize tu anashukaje ngazi."

Jumatano Cheche alikuja akiwa na haraka. Kiatu cha kulia kilikuwa kimeshonwa na kubandikwa soli mpya mbele. Alikigeuza, akasifu kazi, akaingiza mkono mfukoni kutafuta pesa.

"Acha kwanza, kaa," alisema Mzee Soli. "Unalala ghorofa ya ngapi bwenini?"

"Ya tatu. Kwa nini?"

"Asubuhi unashukaje ngazi?"

Msichana alitoa mkono mfukoni. Akakitazama kile kiatu cha kushoto kilichokaa mezani peke yake. Akakaa kwenye benchi.

"Kinyumenyume," alisema taratibu. "Nashikilia reli, nashuka kinyumenyume. Nangoja wenzangu watangulie wasinione." Machozi yakaanza kumtoka hata hajakunja uso. "Mzee, ni wiki tatu sasa. Lakini si nafunga? Si tunashinda? Ikipita Jumamosi nitapumzika, naapa. Mama ameomba ruhusa kazini kwa ajili yangu."

Mzee Soli alikaa kando yake. Mikono yake, iliyozoea nyundo na sindano ya shazia, haikujua pa kwenda, mwishowe akauweka mmoja juu ya kichwa cha msichana. "Sina la kukulazimisha. Mimi si daktari wala si kocha. Ila kuna dada yako mmoja naomba uongee naye."

Akapiga, akampa simu, mwenyewe akatoka nje na kiatu cha mteja na kopo la rangi. Akakaa pembeni ya meza ya Mama Magazeti, akakipiga kiatu brashi mpaka kikang'aa kupita uwezo wake. Mazungumzo yalichukua karibu saa nzima. Kwa mbali alisikia Cheche analia, kisha anauliza, kisha, ajabu, anacheka.

Msichana alipotoka alimrudishia simu kwa mikono miwili. "Dada amesema nisiende peke yangu. Utanisindikiza kwa kocha?"

Basi siku hiyo ya kazi, saa tano asubuhi, kibanda kikafungwa, na mlinzi wa geti akashangaa mpaka akasahau kuuliza kitambulisho. Kocha, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni hata akiwa ofisini, alisikiliza amekunja mikono. Mwanzo uso wake ulikaza. Kisha akamwambia Cheche apandishe suruali, akalitazama lile goti lililovimba, na uso ukalegea. "Wiki tatu, mwanangu," alisema, "na mimi nakutazama kila siku." Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali.

Daktari alisema kuna kitu kimechanika ndani, kidogo, cha kuweza kupona chenyewe kwa kupumzishwa wiki sita. Mechi moja zaidi, alisema, ingekuwa hadithi nyingine.

Habari hazikuishia getini. Kufika Ijumaa kila shabiki alijua Cheche hachezi, na alijua nani kamsindikiza. Mama Magazeti alimwuzia Mzee Soli gazeti bila kumtazama usoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jumamosi timu ilifungwa kwa pointi sita. Mashabiki walikuja kibandani hata hivyo, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kupeleka uchungu wao. Walikaa. Daftari la Mwalimu lilikuwa limefungwa.

"Pointi sita," alisema Mama Magazeti hatimaye, akiangalia barabara. "Cheche angezipata hata amefumba macho. Mzee, siwezi kukuficha, nina donge na wewe hapa." Akajigusa kifua.

"Una haki," alisema Mzee Soli.

Hapo wakaona watu wawili wanatoka getini polepole: Cheche na magongo yake, na mama wa makamo aliyevaa sare ya mpishi wa hospitali, amebeba mkoba wa binti yake. Hakuwa amebadilisha nguo tangu aruhusiwe kutoka zamu. Alifika, akawasalimia wote, akauliza, "Mzee Soli ni yupi?"

Fundi akasimama.

Yule mama akamsogelea. Alimshika mikono yote miwili, yenye gundi na rangi vivyo hivyo, akaitikisa. "Sijamwona akicheza," alisema. "Nimekaa naye benchini, ameniegemea, ananieleza nani ni nani. Ila yeye nimemwona, baba. Nashukuru."

Mama Magazeti alijishughulisha sana na kitambaa chake cha kichwa. Kisha akainuka, akampisha yule mama nafasi yake kwenye benchi, akaenda kuwanunulia wote chai.

Wiki sita za daktari zikawa kumi. Cheche alirudi msimu uliofuata, akawa anatolewa nje kila baada ya dakika chache, apende asipende, na katika mechi ya kwanza alifunga pointi tisa. Timu ilishinda. Siku hiyo kulikuwa na mgeni kwenye benchi la kibanda: mwanamke mwenye miwani, mchora ramani kutoka mji mwingine, aliyesafiri tangu alfajiri. Uwanjani alikuwa amekaa kando ya baba yake, na Cheche alipotolewa nje alimpungia mkono kutoka benchini.

"Tisa tu," Mwalimu alianza, kalamu mkononi. "Ukilinganisha na msimu uliopita..."

"Samahani, Mwalimu," alisema mgeni. "Pasi zake umeziandika? Aliyoitoa mwisho wa robo ya pili, yule mchezaji mdogo akafunga peke yake chini ya kikapu. Hiyo umeiweka kwenye safu gani?"

Mwalimu alitazama daftari. Safu hiyo haikuwepo.

"Haya, chora sasa hivi!" Mama Magazeti alipiga makofi. "Mtoto wa mwenzio kakuweka darasani!"

Wakaanza kubishana, watatu kwa mpigo, kila mmoja na pasi anayoikumbuka na ile anayoapa haikuwepo. Binti alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa benchi, mikono inachora uwanja hewani. Mzee Soli alikaa ndani ya kibanda na kiatu cha mteja magotini, uzi umeshapita tundu la kwanza, akimsikiliza mwanawe.