Kikohozi cha Ambakisye

Kiatu cha Mzee Yoramu kilitua juu ya gitaa langu la bati, pembeni ya kaburi la Ambakisye ambalo halijafukiwa hata nusu. Kopo la mafuta lililokuwa tumbo lake lilijikunja kama jani. Waya ukafyatuka ukanichana hapa chini ya jicho, na alama ipo mpaka leo, anayetaka aje aitazame. Mama wa marehemu aliangalia pembeni. Wajomba zake waliotoka Tukuyu na ngoma zao wakaangalia chini. Tulikuwa tunamzika mpiga gitaa ambaye sijasikia wa kumfikia mpaka nimezeeka, na sauti iliyobaki pale ilikuwa ya koleo na udongo basi.

Nitarudi nyuma, maana mwaka huu nimesikia jambo lililonifanya niache ugali jikoni nikatafute kalamu, mimi ambaye shule iliniishia darasa la pili. Mkiona herufi zangu zimelala, zisimamisheni wenyewe.

Nyinyi mliokua na mimi Uyole mtakumbuka baridi ya zamani. Siyo hii ya sasa ambayo mtoto amevaa sweta mbili na bado analia. Asubuhi mama anakupa kiazi cha moto, unakibana kwapani mpaka kikupashe joto, kikishapoa ndipo unakila. Kiazi kimoja, kazi mbili. Ukungu ulikuwa unalala barabarani kama ng'ombe, lori linakuja unasikia mlio tu, halioni wala halionekani. Tulichezea hapohapo barabarani, kwa sababu malori yenyewe yalikuwa ya kuhesabu, na kila moja tulilijua kwa kukohoa kwake.

Nimetaja kukohoa, basi nimtaje mwenyewe. Ambakisye alikuwa kijana wa jirani yetu, aliyekwenda kwenye migodi ya dhahabu huko Afrika Kusini kama vijana wengi wa kwetu. Wenzake walirudi na masanduku ya bati, mablanketi na makoti ya kupandisha mabega. Yeye alirudi na vitu viwili: gitaa, na kifua kibovu. Vumbi la mgodi lilikuwa limeingia humo likakataa kutoka.

Kila Jumamosi alikaa juu ya magunia ya pareto pale malori yanaposimama, akingoja la kwenda Iringa. Alikuwa anashuka Nyololo, anawapigia watu wa kambi za chai, katikati ya juma anarudi. Lakini kabla ya kupanda, lazima atupigie sisi. Kulikuwa na dereva mmoja Mhehe, mkali kama pilipili, huyo akimkuta Ambakisye anapiga, alizima injini. Waliokuwepo wanajua maana yake. Gari la enzi zile kuliwasha kwenye baridi ni kuzungusha chuma mbele mpaka jasho likutoke mgongoni. Utingo wake akawa analia:

"Bwana, unazima halafu nani atazungusha?"

"Wewe. Sasa hivi zungusha masikio."

Mpiga muziki gani wa leo amewahi kuzimiwa lori?

Na sisi watoto tulikuwa na magitaa yetu. Kopo la mafuta, mti wa mwanzi, nyaya za breki ya baiskeli zilizofumuliwa uzi mmoja mmoja. Mama yangu aliponiona na langu alishika kiuno: "Mtoto wa kike na gitaa! Utaolewa na nani wewe?" Niliolewa mama, usijali. Aliyenioa hawezi hata kupiga mluzi.

Wimbo tulioupenda kuliko zote ni ule wa mama na mlango. Aliutunga akiwa mgodini, akimwaza mama yake. Unaanza hivi: "Mama usifunge mlango." Hapo alikuwa anasimama. Anatoa mkono kwenye nyuzi, anaziba mdomo, anakohoa mara moja, kikohozi kikavu: kho. Halafu mkono unarudi kwenye nyuzi na anamalizia: "Niko njiani nakuja."

Sasa sisi na ujinga wetu tulidhani kile kikohozi ni sehemu ya wimbo. Tungejuaje? Kila alipouimba, kilikuwa palepale. Tukajifunza wimbo pamoja na kikohozi chake. Mko ishirini mnachunga ng'ombe, mmoja anaanzisha, mkifika pale wote mikono mdomoni: kho! Rafiki yangu Gwakisa, ambaye mpaka leo anatengeneza baiskeli sokoni Uyole, ndiye aliyekuwa anakohoa vizuri kuliko wote, tukamheshimu kama mwalimu. Mama yangu alituchapa kwa hilo. "Mnaigiza ugonjwa wa mtu? Mungu atawapa wenu!" Lakini Ambakisye mwenyewe aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Akatuambia, "Nyie acheni kuniibia. Hicho kikohozi nimekichimba mwenyewe chini ya ardhi. Na nyie kachimbeni vyenu."

Sasa Yoramu. Alikuwa mzee wa kanisa ingawa umri wake ulikuwa bado wa ujana, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na baiskeli iliyong'aa. Jumapili alisimama mbele akasema gitaa ni kamba ya shetani ya kufungia vijana. Sawa. Lakini Jumamosi, ajabu ya Musa, baiskeli yake ilikuwa inatoka mnyororo, na kila mara ilitokea palepale nyuma ya magunia ya pareto. Anachuchumaa. Anautengeneza mnyororo wimbo mmoja, nyimbo mbili, nyimbo tatu. Gwakisa siku moja alimwendea: "Baba, nikusaidie? Naona mnyororo uko sawa." Alizabwa kofi. Mguu wa Yoramu, mimi niliuona kwa macho yangu, ulikuwa unapiga chini kwa kufuata gitaa.

Mtu huyohuyo ndiye aliyempeleka Ambakisye mbele ya baraza la wazee. Wakamwambia alete gitaa livunjwe mbele ya usharika, asamehewe. Akajibu, "Wazee, nikilivunja nitapumua na nini?" Wakamtenga. Nyinyi wa leo kutengwa hamkujui, siku hizi mtu anatengwa na kesho yake anahamia kanisa la jirani lenye viti vya plastiki. Wakati ule ukitengwa ulikaa nje ya mlango, na ukifa hupigiwi kengele, huimbiwi, unafukiwa kama mbwa wa watu.

Masika yaliyofuata yalimkuta hajiwezi. Kwanza akaacha kuimba, akapiga tu. Baadaye akawa anapiga tukimshikia gitaa upande mmoja. Yule dereva Mhehe alipita akazima injini, akangoja, akaona magunia matupu. Aliondoka bila kuuliza, utingo akazungusha bila kulalamika.

Alipofariki, mama yake alikwenda kwa Yoramu akapiga magoti kwenye matope. Aliomba kitu kimoja, kengele. Siyo mchungaji, siyo kwaya, ni kengele tu ili mwanawe asiondoke kimyakimya. Yoramu akasema, "Kengele ya Mungu haimlilii mlevi." Mlevi! Ambakisye ambaye kifua chake hakikuvumilia hata togwa! Wale wajomba wa Tukuyu wakasema basi, tutapiga ngoma kama wazee wetu walivyozikana, kwa kishindo na kucheza. Yoramu akamgeukia yule mama: ngoma ikilia hapa, na wewe umetengwa. Mama mjane, hana mwingine, hana kingine zaidi ya kanisa. Akawaomba kaka zake wazifunike ngoma. Wakazifunika kwa blanketi, kama wagonjwa.

Ndiyo maana pale kaburini kukawa kimya. Na ndiyo maana sisi watoto, ambao hakuna aliyetukataza kwa kuwa hakuna aliyetukumbuka, tukaanza. Nilianza mimi. "Mama usifunge mlango." Tulipofika pale tukakohoa wote, kwa pamoja, kho, na yule mama kwa mara ya kwanza siku ile akalia kwa sauti. Hapo ndipo kiatu kikaja. Hatukufika "niko njiani." Mpaka leo hatujafika.

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka yote hiyo, nimezaa, nimezika, katika wale watoto wa magitaa ya bati nimebaki mimi na Gwakisa. Lakini mwaka huu kwaya ya vijana wetu imetoa kanda. Vijana wenyewe mmewaona: magitaa ya umeme matatu, kinanda, maspika makubwa kama makabati, yote yamepangwa pale pale mbele aliposimama Yoramu akalaani gitaa. Umeme ukikatika hata aleluya hawaiwezi, wanatazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Ambakisye alikuwa na nyuzi sita, moja ikiwa ya breki, na alisikika mpaka mtoni.

Nilikuwa sokoni nanunua mchele wa Rujewa. Muuzaji akaweka kanda hiyo. Nikasikia: "Bwana usifunge mlango." Muziki wote ukasimama, magitaa, kinanda, ngoma. Mkono wangu ukapanda mdomoni wenyewe, nikakohoa. Na kutoka kwenye banda la baiskeli upande wa pili nikasikia kho nyingine.

"Dada," Gwakisa akaniita, bisibisi mkononi. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wamembadilisha mama wakamweka Bwana."

"Lakini pale hawakupagusa."

Kijana muuzaji akatucheka. "Shikamooni wazee. Mna kifua?"

Nilishika ganda la ile kanda, Gwakisa akanisomea maandishi madogo. Utunzi: Mzee Yoramu. Eti aliupokea ndotoni. Nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya, kijana mwenye adabu, simlaumu. Nikamuuliza, pale mwanzo kwa nini mnanyamaza? Akasema, "Mama, hata sisi hatujui. Mzee ndiye aliyetufundisha, na alisisitiza hapo lazima tusimame. Lakini pananoga kweli."

Pananoga. Pumzi ya mtu iliyokatika, leo ni kinogesho.

Enzi zetu tulikuwa na kopo na waya, na tulijua wimbo ni wa nani. Leo wana kila kitu, na hilo hawalijui. Silaumu watoto. Mwenye lawama yuko hai, anatembelea mkongojo, wanamshika mkono kumpeleka kiti cha mbele, na Jumapili ijayo wanamfanyia sherehe ya kumshukuru kwa nyimbo zake. Wimbo huo utaimbwa. Mimi na Gwakisa tutakuwepo, na wakifika pale tutakohoa, na safari hii hana mguu wa kutukanyagia.

Basi kabla hujapokea zawadi, Mzee Yoramu, simama na mkongojo wako mbele ya hao wanaokupigia makofi. Kama wimbo ulikujia ndotoni, waambie pale unaponyamaza palikuwa na nini. Waambie ni kifua cha nani. Ukishamaliza, uende mwenyewe kwenye kamba ya kengele, uivute.