Nabalayo na Alama ya Nyota za Kwanza

Ukimwona Nabalayo akichagua sukuma wiki hapa Free Area, huwezi kujua ni daktari wa fizikia. Mimi ni shangazi yake. Babake, ndugu yangu, alikuwa fundi wa reli, na huyu mtoto alimsumbua: "Kabla ya reli kulikuwa nini? Na kabla ya hapo?" Mpaka mzee akajifanya amelala.

Basi hiyo "kabla ya hapo" ndiyo kazi yake leo. Anafundisha chuo kikuu jinsi ulimwengu ulivyoanza. Anasema nyota za kwanza kabisa zilipowaka ziliacha alama hafifu kwenye mawimbi ya redio, na mawimbi hayo bado yanatufikia. Akasimamisha antena kwenye ranchi moja nyuma ya Naivasha, mbali na kelele za mji.

Mwaka jana wakaipata alama. Wanafunzi walimbeba juu! Chuo kilikuwa kinataka kufunga kikundi chake cha utafiti, ati hakizai kitu. Sasa wakubwa wakaanza kumtafuta wamsalimie. Akaalikwa Afrika Kusini akawaeleze wanasayansi wenzake.

Wiki ya safari, stima ikapotea Naivasha. Antena inatumia sola, ikaendelea kusikiliza. Nabalayo alikuwa kwangu, akafungua kompyuta kuona antena inanasa nini. Alama hakuna. Stima iliporudi, alama nayo ikarudi.

"Shangazi," akasema polepole, "mbingu haitumii stima ya Kenya."

Alama yao ilikuwa kelele ya fensi ya stima pale ranchini, ile ya kuzuia nyati.

Mwalimu mwenzake, Njuguna, akampigia simu. "Daktari, enda tu. Utarekebisha ukirudi."

"Niwaambie nyati ni nyota?"

Akaahirisha safari. Kesho yake nikaenda naye darasani, nikakaa nyuma. Akawaambia wanafunzi wake yote, hakuficha.

"Kwa hivyo mwaka mzima tumesikiliza fensi?" Kipketer akauliza.

"Na Kenya hii hakuna anayeijua fensi kuliko nyinyi."

Wakacheka. Winrose peke yake hakucheka. "Mwalimu, na wakitufunga?"

"Watufunge tukiwa tumesema ukweli."

Na wakakifunga kweli, kikundi na ofisi yake. Darasa walimwachia. Siku hizi Jumamosi wanafunzi wanajaa sebuleni kwake Kiamunyi, viatu mpaka mlangoni kwa jirani, wakipiga hesabu. Antena waliihamisha wenyewe, wakaisimamisha huko mbele ya Marigat, mahali stima haijafika. Winrose ndiye aliyeichimbia shimo.