Taa Zilizosuguliwa kwa Mchanga

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, mjini Awendo. Miaka ishirini nimefunga taa za malori ya miwa, na nitasema bila aibu, hakuna dereva aliyewahi kunirudia akilia giza. Lakini taa mbili za baba yangu zilinishinda, tena kwa ujinga wangu mwenyewe.

Baba alikuwa dereva jeshini. Alipostaafu na kurudi kwetu Sori, alinunua kwenye mnada wa vyuma chakavu Landrova kuukuu ya jeshi, ya aina ile aliyoendesha ujanani. Haikuwa na injini, na wala hakutaka iende popote. Alitaka isimame kando ya lango la boma, imepakwa kijani chake, taa zikiwaka, ili wajukuu na Wasabato wanaotoka kanisani Jumamosi wajue mwenye boma hili alifanya kazi gani. "Rangi mtu yeyote atapaka," aliniambia. "Taa ni zako."

Nikamjibu, "Haraka haraka haina baraka." Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Kila nikienda nyumbani nilirudi na samaki, nikaacha visingizio. Na wakati huo presha ya macho ilikuwa inamla Baba polepole. Siku daktari aliponiambia kwamba jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linashika mwanga mkali tu, nalo haliko mbali kuzimika, nilikaa kwenye benchi la hospitali nikajitukana kimoyomoyo kwa Kijaluo. Kiswahili hakikutosha.

Wiki hiyo hiyo nilifunga kibanda changu nikaenda Sori. Nikafungua taa. Vioo vilikuwa vizima, ajabu. Waya zilikuwa zimekauka, ukizigusa zinavunjika, lakini hilo si neno kwa fundi. Shida ilikuwa lile bakuli la chuma nyuma ya balbu, linalokusanya mwanga na kuurusha mbele. Lilikuwa limekuwa jeusi. Taa za siku hizi ni plastiki, ikiharibika unatupa unaweka nyingine. Bakuli la namna ile sikuwahi kulishika.

Mama alikuwa ziwani anasugua sufuria kwa mchanga na majivu. Kwetu mama wa boma hupimwa kwa sufuria zake, na za mama yangu ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Nikashuka huko na mabakuli ya taa zote mbili, akaona nilichoshika. "Leta hapa," akasema. "Uchafu kama huo mimi ndiye dawa yake."

Nikampa. Mimi, fundi mzima, nikampa kwa mkono wangu, tena nikamchotea mchanga! Alisugua akiimba. Weusi ukatoka, na pamoja nao ukatoka utando wa fedha, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, ambao ndio uliokuwa ukifanya kazi yote. Kikabaki chuma cha kijivu chenye mikwaruzo. Akaniinulia mabakuli yote mawili akitabasamu. "Umeona?" Nikamshukuru, "Ero kamano, Mama," nikageuka asinione uso.

Nilitafuta mengine Migori mjini, nikaenda hadi Homa Bay, kwa kila muuza vyuma. Walinicheka. "Hii ni ya vita gani, fundi?" Sikupata. Na lile jicho halikuwa linanisubiri. Basi nikafunga hivyo hivyo. Nikapitisha waya mpya, nikasafisha swichi ya zamani, nikakwangua rangi kwenye chesisi ili waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, ushike. Gari la jeshi hula volti ishirini na nne, kwa hiyo nikaazima betri mbili za lori la miwa nikaziunganisha. Kazi ilikuwa safi. Hilo ndilo linaloniuma.

Tulimtoa Baba asubuhi moja ya mawingu. Alivaa koti lake la zamani, akafunga vifungo vyote mwenyewe. Akasimama wima hatua mbili mbele ya gari, kifua nje.

"Washa."

Nikawasha. Taa zote mbili zikawaka, zikatoa mwanga wa manjano uliolala palepale kwenye kioo, bila nguvu ya kufika popote. Mama akapiga makofi mara moja, akamtazama Baba usoni, akateremsha mikono.

"Mbona huwashi?" Baba akauliza.

Yaye! "Bado, Baba," nikasema. "Betri imekufa."

"Aa. Betri." Akasogea, mkono mbele, akaipata boneti, akaifuata kwa vidole hadi kwenye taa. Akaweka kiganja juu ya kioo. Balbu zile hupata moto upesi, na kioo kilikuwa tayari na joto. Hakukitoa. Mama akajifunika uso kwa leso.

"Zima," Baba akasema taratibu. "Utamaliza betri ya watu."