Mbaazi za Wifi Marva

Nakumbuka Ijumaa moja kule kwetu Kisarawe, msimu wa mbaazi mbichi, nilipofanya jambo ambalo hata leo nikilisimulia nacheka kwanza, ndipo naona haya.

Mwanangu, nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kwa mbaazi za nazi sikuwa na mpinzani. Kila shughuli naitwa mimi. Basi kaka yangu Shomari, aliyekuwa amekwenda kusoma ng'ambo, akarudi na mke, Marva, mzaliwa wa visiwa vya Karibiani. Mama akampenda mara moja. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. Mimi sikupona, nilivimba.

Ijumaa hiyo wazee wa ukoo walikuwa waje kula baada ya swala, waonje mkono wa mkwe wao. Marva alipoona mbaazi tulizokuwa tukimenya alipiga makofi. "Hata kwetu zipo hizi!" Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, lakini furaha yake haikuhitaji mkalimani. Akatia vitunguu vya majani, tangawizi, thomu, na mbegu nyeusi alizokuja nazo ndani ya kopo, zenye harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja. Juu kabisa akalaza pilipili mbuzi tatu nzima, na vikonyo vyake.

"Wifi, hizi zisipasuke," aliniambia. "Tunataka harufu tu, si moto."

Jiko likanukia hata jirani akaja kuuliza kulikoni. Hapo ndipo roho iliponiuma. Alipotoka kukuna nazi, nikachukua mwiko nikazibana zile pilipili kwenye ukingo wa sufuria, moja baada ya nyingine, mpaka zikapasuka. Nikakoroga.

Alipoonja, machozi yalimtoka. Nilidhani ni ya pilipili.

"Mama, nimeharibu," alimwambia Mama alipoingia jikoni. "Wazee watasema sijui kupika." Akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akajifuta kwa upindo wa kanga. Mwanangu, hakumshuku mtu. Alijilaumu mwenyewe, na hilo ndilo lililonichoma.

Mama akafunua sufuria, akaopoa maganda ya pilipili yaliyopondeka, akanitazama. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" aliniuliza polepole. "Wazee bado wako msikitini. Muda wa kusema kweli upo."

Nikasema. Yote. Nikangoja Marva anitukane. Kisha akainuka, akanionyesha ile mbuzi kwa kidole.

"Basi kaa ukune wewe, wifi. Nazi nne."

Mama akaangua kicheko. Nikakuna hadi mkono ukafa ganzi; Marva akakata boga, Mama akaongeza mbaazi zote zilizobaki, ili ukali upungue. Wazee walipofika, baba yetu mdogo alivua kofia, akapangusa jasho kipara kizima, akasogeza sahani aongezwe. "Mkwe," alisema, "chakula hiki kinanipiga, lakini mtu asituamue!" Nyumba nzima ikavunjika mbavu.

Marva hakunitaja. Hakunitaja siku hiyo wala miaka yote iliyofuata. Tulipokuwa tukiosha vyombo aliniomba nimfundishe mbaazi zangu, nami nikamfundisha bila kuficha hata kipimo cha chumvi. Leo anaishi Misugusugu, bibi wa wajukuu saba, na kila msimu hunipigia simu: "Njoo, zimekomaa."

Nakuambia haya kwa kuwa nasikia mchumba wa kaka yako, yule binti wa wafugaji wa Kwala, ameshaanza kuchekwa jikoni kwenu kwa chai yake ya maziwa matupu. Usiwe mmoja wao, mwanangu. Mwenzio akisifiwa, sifa zako hazipungui. Mpe nafasi jikoni, onja alichopika kabla hujasema neno, umuulize kwao hufanyaje. Na siku utakayomkosea, maana utamkosea tu, wewe ni binadamu, nenda ukaseme mwenyewe. Usingoje kuulizwa kama nilivyongoja mimi.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kupakua na moyo mwepesi wa kuomba radhi. Mlango wako usikose mgeni, na mgeni wako asiondoke na njaa.