Harusi ya Kunguni wa Mlangilangi

Mwalimu wangu wa chuo kikuu huko Mahajanga alitufundisha kwamba kunguni wa mimea wanaofyonza maua ya mlangilangi ni spishi mbili za jenasi moja: wa kijani na wekundu. Mimi sikukubali. Niliamini ni jike na dume tu, na sikuweza kutulia mpaka nimthibitishie.

Likizo ile nilikwenda kwa bibi yangu kisiwani Nosy Be. Siku tatu mfululizo nilikaa chini ya milangilangi yake nikichungulia tawi moja, huku wachumaji wakijaza vikapu.

"Mjukuu wangu, unatafuta nini hapo?" bibi aliniuliza kwa Kikomoro chake.

"Nangoja waoane."

Wachumaji waliangua kicheko. "Wadudu waoane!" alisema bibi. "Na wewe je, utaoa lini?"

Siku ya tatu mwekundu alimpanda wa kijani. Niliwatia wote wawili katika chupa ya spiriti, nikapanda meli ya kwanza ya kurudi Mahajanga.

Mwalimu aliinua chupa dirishani. "Mwekundu ni yupi? Nitajuaje kwamba hawa wote si wa kijani?"

Nikatazama. Spiriti ilikuwa imewatoa rangi, wote wamekuwa weupe kama punje za mchele. Mimi nisiyeamini neno la mtu, sasa nilitaka mtu aamini langu.

Likizo iliyofuata nilirudi Nosy Be na pini na kisanduku kikavu cha kuhifadhia wadudu bila spiriti. Bibi alinipokea mlangoni.

"Haya, harusi ya pili lini?"